Jalada Lisimnyang'anye Shujaa Sura Yake

Ndugu msomaji, umpelekapo mwanao katika duka la vitabu, mtazame anavyochagua. Hafungui kurasa kwanza, wala haulizi jina la mtunzi. Hutazama jalada. Akiona joka limekunjua mabawa, au kijana yumo peke yake katika mashua iliyozungukwa na mawimbi, mkono wake huenda hapo hapo. Kabla hajasoma neno hata moja amekwisha kuambiwa shujaa wa hadithi ile ni mtu wa namna gani. Je, ameambiwa kweli?

Swali hilo lilimkera kwa miaka mingi mtunzi mashuhuri wa Marekani, Bibi Ursula K. Le Guin, aliyezaliwa mwaka 1929. Mwaka 1968 alitoa kitabu kiitwacho A Wizard of Earthsea, hadithi ya ajabu ya ulimwengu wa visiwa ambavyo ramani yake aliichora mwenyewe. Shujaa wake ni Ged, mtoto wa mhunzi na mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, aliyepelekwa kujifunza elimu ya uganga. Kwa kiburi cha ujana Ged alikiita kivuli kutoka katika nchi ya wafu. Kivuli kikamrarua uso na kumwachia makovu, na tangu hapo hadithi yote ni safari ya kijana huyo mpaka alipopata ujasiri wa kukigeukia na kukikabili.

Ged si mzungu. Ngozi yake ni ya rangi ya shaba, na Vetch, rafiki yake mpenzi, ni mweusi kabisa. Watu weupe wamo pia, lakini wao ndio wavamizi wanaokuja na merikebu kuchoma vijiji. Mtunzi alipanga hivyo kwa makusudi, kwani wakati ule mashujaa wa hadithi za namna hii, karibu wote, walikuwa weupe. Hata hivyo hakulipigia jambo hilo mbiu. Alilidokeza polepole, ili msomaji ampende Ged kwanza na kuyaona mambo kwa macho yake, kabla hajatambua kwamba amekuwa akiishi ndani ya ngozi ya rangi nyingine.

Mchoraji wa kwanza, Ruth Robbins, aliliheshimu kusudi hilo. Katika jalada la mwaka 1968 alimchora Ged kwa upande, uso imara wenye rangi ya shaba, na miaka mingi baadaye Bibi Le Guin alikuwa bado akilisifu jalada hilo. Lakini kitabu kinachopendwa hupigwa chapa tena na tena, na kila chapa huja na mchoraji wake. Ged akaanza kupauka. Katika majalada mengi yaliyofuata akawa kijana mweupe ambaye mtunzi mwenyewe hakumtambua. Alipolalamika aliambiwa kwamba uso mweusi juu ya jalada huua biashara. Mikataba mingi, nayo, humwachia mchapishaji uamuzi wa mwisho juu ya jalada, na Bibi Le Guin alihitaji miaka mingi ya umaarufu kabla sauti yake haijasikilizwa. Mwezi Desemba 2004, televisheni ya Marekani ilipoonyesha filamu iliyotokana na vitabu vyake, Ged aliigizwa na kijana mweupe. Bibi Le Guin alichukua kalamu akapinga hadharani.

Haki yatutaka tumtetee mchoraji pia. Kazi ya kumtoa mhusika katika maandishi, au katika mchoro wa zamani, na kumweka juu ya jalada jipya si kazi ya kunakili. Jalada lina nafasi ndogo. Lazima pabaki mahali pa jina la kitabu na la mtunzi, na picha isomeke hata kwa mtu aliyesimama mbali na rafu. Kwa hiyo mchoraji ana ruhusa ya kubadili mengi. Anaweza kumgeuza mhusika kutoka upande hadi mbele, kumpa joho refu zaidi, kuliongeza wingu la tufani nyuma yake, au kuchagua tukio ambalo mwenzake hakulichora. Hayo ni mavazi ya picha.

Lakini yako mambo ambayo mtunzi ameyafunga, nayo hayafunguliwi. Mchoraji mwaminifu huyasoma maandishi yote, akayaandika pembeni: umri, rangi ya ngozi, nywele, kovu, silaha, na tabia inayoonekana katika namna ya kusimama. Kisha huchora vijipicha vidogo vingi vya haraka, huchagua vichache na kumwonyesha mtunzi au mhariri kabla ya kugusa rangi. Kosa linalosahihishwa kwa penseli ni la dakika moja. Kosa lililokwisha kupigwa chapa husafiri na kila nakala.

Kwamba njia hiyo inawezekana, kisa chenyewe kinathibitisha. Katika miaka yake ya mwisho Bibi Le Guin alifanya kazi kwa takriban miaka 4 na mchoraji Charles Vess, wakitayarisha toleo lenye hadithi zote za Earthsea. Vess alimpelekea michoro, naye akaijibu. Hata majoka walijadiliana mpaka yakafanana na yale yaliyokuwa akilini mwake. Bibi Le Guin alifariki tarehe 22 Januari 2018. Kitabu kilitoka Oktoba mwaka huo huo, miaka 50 baada ya kile cha kwanza, na ndani yake Ged amerudishiwa rangi yake.

Wasomaji nao wana nguvu. Mwaka 2009 kitabu Liar cha Justine Larbalestier, ambacho msimulizi wake ni msichana mweusi mwenye nywele fupi, kilitayarishiwa Marekani jalada lenye picha ya msichana mweupe wa nywele ndefu. Mtunzi na wasomaji walipiga kelele, na jalada likabadilishwa kabla kitabu hakijaingia madukani.

Ndugu mzazi, mtoto mweusi anayekuta mashujaa wote wa majalada ni weupe hufundishwa, bila mwalimu, kwamba ushujaa una rangi, na kwamba rangi hiyo si yake. Kasumba hiyo huingia kimya kimya na kutoka kwa shida. Basi mwanao amalizapo kitabu, keti naye, kifunge, mwonyeshe jalada na umwulize: "Huyu ndiye uliyemsoma?" Akisema siye, mpe karatasi na penseli, amchore yule aliyemkuta ndani.