Fomu ya maktaba: Kompyuta hutambua pengo, haitambui uongo

Mkutubi anapomsajili msomaji kwa kompyuta, programu ya maktaba hukataa kuhifadhi fomu iwapo nafasi ya lazima imeachwa wazi. Kinga hiyo ni muhimu, ila ina kasoro: hukagua iwapo kitu kimeandikwa, si iwapo ni kweli.

Mfano ni anwani. Familia ya wafugaji viungani mwa mji wa Kajiado huenda haina sanduku la posta. Mpangaji wa Kitengela naye huenda akahama kabla ya mwaka kwisha. Fomu ikishikilia anwani, mkutubi aliyezongwa na foleni huandika kistari, na kompyuta hukubali. Kitabu kikipotea, kistari hicho hakimfikishi popote.

Koha, programu huria iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, humruhusu msimamizi kuchagua nafasi zitakazokuwa za lazima. Afadhali basi alazimishe jina na simu. Nambari ya rununu nchini Kenya ina tarakimu 10, ikianza na 07 au 01, na mkutubi aweza kuipiga papo hapo. Mtoto aandikiwe ya mzazi au mlezi. Anwani ibaki ya hiari.