Feni ya kompyuta na sauti ya mzee wetu



Mwezi wa Agosti mwaka jana, vumbi la kiangazi likiwa limetanda Sumbawanga nzima, kamati yetu ilimwalika mzee mmoja miongoni mwa wakongwe wa msikiti. Tulitaka atueleze kwa kinywa chake ni nani aliyekitoa kiwanja chetu kuwa wakfu, na mipaka yake ilipita wapi, kwani hati ni chache na mashahidi wanazidi kupungua. Alizungumza kwa muda wa saa nzima, kwa sauti ya chini ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Mimi, nikiwa katibu, nilimrekodi kwa kompyuta ya mezani ya ofisi.

Usiku nilipoketi kusikiliza, nilisikia feni. Nyuma ya kila neno palikuwa na mngurumo, na pale mzee alipomtaja jirani wa upande wa mashariki, jina halikusikika kabisa.

Hapo nikaanza kuchunguza jambo ambalo sikuwahi kulijali. Niliyoyapata nayaleta kwenu, kwa kuwa kompyuta sasa zimo majumbani mwetu, na mara nyingi chumba anachosomea kijana ndicho anacholala mtoto mchanga.

Prosesa inapofanya kazi hutoa joto, na feni hupitisha hewa kwenye mapezi ya metali ili kuliondoa. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi, na mwisho kompyuta hujizima. Feni hupimwa kwa mambo matatu: kiasi cha hewa inayopitisha, nguvu ya msukumo wake, na kelele yake, ambayo huhesabiwa kwa desibeli. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu; zikiongezeka 10, sikio huhisi kelele imekuwa kubwa takriban mara mbili.

Tuchukue mfano wa feni za Noctua, kampuni ya Austria inayochapisha vipimo vya bidhaa zake. Feni ya NF-A8, yenye upana wa milimita 80, huzunguka mara 2,200 kwa dakika na kupitisha mita za ujazo 55.5 za hewa kwa saa, kwa kelele ya desibeli 17.7. NF-S12A, ya milimita 120, huzunguka mara 1,200 tu, lakini hupitisha mita za ujazo 107.5 kwa desibeli 17.8. Kelele ni kama ileile, hewa ni karibu maradufu. Mapanga mapana hayana haja ya kukimbia.

Hata hivyo, vipimo hivyo vya hewa huchukuliwa pasipo na kizuizi mbele ya feni. NF-F12, nayo ya milimita 120, hupitisha mita za ujazo 93.4 kwa desibeli 22.4. Kwa tarakimu hizo imeshindwa kotekote. Lakini msukumo wake ni milimita 2.61 za maji, ilhali wa NF-S12A ni 1.19. Hewa ikilazimika kupenya kwenye chujio la vumbi au mapezi yaliyobanana, ile iliyoonekana kushindwa ndiyo hufanya kazi. Basi kwa feni ya nyuma inayotoa hewa nje, tafuta hewa nyingi. Kwa ile ya mbele inayovuta kupitia chujio, tafuta msukumo.

Sisi wa Ufipa tuna jambo jingine la kuzingatia. Mji wetu uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko hewa ya Dar es Salaam yenye joto hilohilo. Feni hupitisha ujazo uleule, lakini hewa hiyo hubeba joto dogo zaidi. Baridi ya Juni na Julai hufidia upungufu huo, na ndiyo hutudanganya. Ukifika Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na vumbi limejaa kwenye mapezi, kompyuta iliyokuwa kimya huanza kunguruma.

Kasi nayo ina siri yake. Ukiipunguza kwa asilimia 20, hewa hupungua kwa kiasi hichohicho, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 5. Kwa hiyo ni bora feni yenye pini nne, ambayo bodi kuu huweza kuiongoza ikimbie pale tu inapohitajika.

Kosa letu lilikuwa feni ndogo ya milimita 80, iliyojaa vumbi na kuchakaa beringi. Tuliizima kompyuta, tukasafisha kwa brashi huku tumeyashika mapanga yasizunguke. Kisha tukajaribu feni mbili za milimita 120 kwa zamu: kazi ileile kwa nusu saa, simu ya kupimia kelele ikiwa mahali palepale, joto la prosesa likiandikwa. Simu haina usahihi wa maabara, lakini kwa kulinganisha feni mbili inatosha. Tukachagua iliyokuwa na kelele kidogo huku prosesa ikibaki baridi.

Mwezi wa Oktoba tulimrudia mzee, tukamwomba radhi kwa kumchosha. Alicheka, akaanza upya tangu mwanzo. Safari hii jina la jirani lilisikika wazi, na mipaka yote minne. Mwezi wa Desemba alirejea kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nakala za maneno yake sasa zimehifadhiwa mahali patatu. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujamketisha mzazi wako umrekodi, nyamaza kidogo uisikilize mashine yako. Si kila mzee atapatikana mara ya pili.

Wabillahi tawfiq.