Mieleka ya barakoa yampa mgema wa Mexico soko jipya

KILA Ijumaa jioni, makundi madogo ya wasafiri kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko huonekana yakimfuata mwenyeji mmoja katika mitaa ya katikati ya Mexico City, jiji kuu la Mexico. Kituo cha kwanza ni kilabu cha pombe ya kienyeji. Cha pili ni kibanda cha taco, chapati ndogo za mahindi zinazofungia nyama, pilipili na ndimu. Kituo cha mwisho ni ukumbi wa mieleka wa Arena México, katika mtaa wa Doctores, ambako mapambano ya Ijumaa huanza saa 2:30 usiku.

Mgeni hulipa mara moja tu, na fedha hiyo hugawanyika njiani kwa mwenye kilabu, muuza taco, dereva, mshona barakoa na mwenye ukumbi. Mtu wa mwisho kufikiwa yuko mbali na jiji, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, katika nyanda za juu za Hidalgo na Tlaxcala. Huyo ni mkulima aliyepanda mmea wa jamii ya mkonge miaka minane au kumi iliyopita, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameambiwa kuwa zao lake halina soko.

Wema na wakorofi

Mieleka ya Mexico, ambayo wenyewe huiita lucha libre, ilianza kuendeshwa kama biashara kubwa mwaka 1933, pale Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni ya kuandaa mapambano. Kampuni hiyo ingali hai hadi leo kwa jina la Consejo Mundial de Lucha Libre. Ukumbi wake mkubwa, Arena México, ulifunguliwa mwaka 1956 na unachukua watu zaidi ya 16,000.

Ulingoni huwa kuna pande mbili. Upande mmoja ni wa wapiganaji wanaofuata sheria, na wa pili ni wa wakorofi, ambao huvuta nywele, hupiga kwa nyuma na kumhadaa mwamuzi. Mashabiki wa wakorofi nao si wachache, na hawaoni haya. Pambano la kawaida ni la raundi tatu, na anayeshinda mbili ndiye mshindi.

Mali kuu ya mpiganaji ni barakoa yake. Kumvua mwenzako barakoa katikati ya pambano la kawaida ni kosa la kukufanya uondolewe. Lakini yapo mapambano ya kuwekeana dau, ambapo anayeshindwa huivua mbele ya umati na kutaja jina lake halisi, na tangu siku hiyo haruhusiwi kuivaa tena. El Santo, mpiganaji mashuhuri kuliko wote, alifariki dunia mwaka 1984 na akazikwa akiwa na barakoa yake ya rangi ya fedha. Hivyo haishangazi kwamba barakoa ndiyo bidhaa inayouzwa zaidi nje ya mlango wa ukumbi, kuanzia za watoto za kitambaa chepesi hadi zile zilizoshonwa vizuri ambazo mtu anaweza kupandia ulingoni.

Mwaka 2018, serikali ya jiji iliitangaza mieleka hiyo kuwa urithi wa utamaduni wa Mexico City. Miaka miwili baadaye, Machi 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga milango ya ukumbi, na wauza barakoa na wauza vyakula wa barabara ile wakajua jinsi riziki yao ilivyoning'inia kwenye uzi mmoja. Watazamaji walianza kurudi mwaka 2021.

Anachouza mwenyeji

Tiketi ya mieleka mtu yeyote anaweza kuinunua dirishani. Kwa nini basi msafiri akubali kulipa mara kadhaa ya bei hiyo kwa mwenyeji wa kumwongoza?

Jibu linaanzia na mtaa wenyewe. Doctores una sifa ya wizi, na mgeni asiyejua Kihispania hapendi kutafuta teksi peke yake saa tano usiku. Jambo la pili ni maelezo. Asiyejua nani ni mkorofi na kwa nini bibi mzee wa kiti cha mbele anamtukana, ataona watu wenye nguo za kumetameta wakirukiana tu. La tatu ni vinywaji. Msafiri amesikia habari za tequila tangu kwao, lakini pombe inayoitwa pulque hajaionja, na hawezi kuionja kwao hata akitaka.

Hapo ndipo mkulima anapoingia katika hesabu.

Mgema na kibuyu chake

Pulque ni tembo. Msomaji wa Tanga, Pangani au Mombasa anayejua namna mnazi unavyogemwa hatahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba mgema wa Mexico hapandi juu. Mmea wake, unaoitwa maguey, ni ndugu mkubwa wa mkonge, wenye majani manene yanayoweza kumzidi mtu kwa urefu.

Mkulima huotesha machipukizi yanayojitokeza pembeni mwa mmea mama. Wengi huyapanda kwa mistari kwenye kingo za mashamba ya mahindi au shayiri, mahali ambapo mizizi huzuia udongo usisombwe na mvua. Baada ya hapo ni kusubiri, kwa kawaida miaka 8 hadi 12. Mmea unapokaribia kutoa mlingoti wa maua, mkulima huukata moyo wake, na pale katikati hubaki shimo kama bakuli. Utomvu mtamu ambao ungelisha maua hukusanyika humo.

Mgema huja mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni. Huufyonza utomvu kwa kibuyu kirefu chenye tundu pande zote mbili, kisha hukwangua kuta za shimo ili kidonda kisifunge. Mmea mmoja hutoa lita 4 hadi 6 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu hadi sita, halafu hufa. Kwa hesabu hiyo, miaka kumi ya kungoja huleta kati ya lita 400 na 1,000 hivi, na asiyepanda miche mipya kila mwaka atajikuta siku moja hana cha kugema.

Utomvu huchachushwa kwa kutiwa kwenye pipa lenye tembo la zamani. Ndani ya siku chache huwa pombe nyeupe, nzito kidogo, yenye ukali unaokaribia wa bia au kuuzidi kidogo. Baada ya hapo saa zinahesabika, kwani huzidi kuchacha na kunuka. Vilabu vingi huchanganya na mapera, nanasi au shayiri, jambo linalomsaidia mgeni ambaye ulimi wake haujazoea.

Zamani pulque ilikuwa utajiri. Mwishoni mwa karne ya 19, treni zilibeba mapipa kutoka nyanda za Apan hadi jijini kila siku, na wenye mashamba makubwa walijenga majumba ya fahari. Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910 yaliyavunja mashamba hayo. Kisha ikaja bia, yenye chupa safi, matangazo na uwezo wa kukaa dukani wiki nyingi. Ulienea pia uvumi kwamba tembo la maguey huchachushwa kwa kinyesi kilichofungwa kwenye kitambaa. Uvumi huo ulishika mizizi, nao wapenzi wa pulque hadi leo huwanyooshea kidole watu wa bia. Vilabu vilifungwa kimoja kimoja, na mashamba mengi yakang'olewa ili ipandwe shayiri, zao la hao hao watengenezaji wa bia.

Chupa inayosafiri

Ndugu wa pulque, yaani tequila, ilifuata njia nyingine kabisa. Hii hutokana na aina moja tu ya mmea huo, ile ya rangi ya buluu, ambayo huvunwa kiini chake baada ya miaka sita au saba, kikapikwa, kikakamuliwa, kikachachushwa na kukenekwa. Tangu mwaka 1974 jina la tequila linalindwa kisheria. Ni jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne tu zinazoruhusiwa kulitumia. Mwaka 2022 zilitengenezwa zaidi ya lita milioni 600, na zaidi ya nusu ziliuzwa nje, sehemu kubwa ikienda Marekani.

Ungedhani mkulima wa mmea wa buluu ndiye aliyebahatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zao lilikuwa haba na bei ikapaa. Kila mwenye kishamba akapanda. Kabla muongo haujaisha, mimea ilikuwa imejaa mno kiasi kwamba wengine waliiacha ioze au waliing'oa wapande mahindi. Bei ikapanda tena, na kufikia mwaka 2022 kilo moja ilikuwa ikiuzwa karibu peso 30. Watu wakapanda tena. Kufikia mwaka 2024 bei ilikuwa imeshuka chini ya peso 10. Aliyeotesha miche wakati wa neema sasa anaihudumia akijua itakomaa wakati ambao hakuna anayeweza kumtajia bei.

Mezkali, kinywaji kingine cha jamii hiyo, nayo ina jina linalolindwa tangu mwaka 1994. Mtengenezaji mdogo asiye na cheti, hata kama babu yake alikeneka kwa chungu kile kile, analazimika kuandika kwenye chupa kuwa ni kinywaji kilichokenekwa tu. Jina la kijijini kwake halimruhusu kuuza.

Udhaifu uliogeuka kinga

Pulque haina shida ya namna hiyo, kwa sababu haisafiri. Wapo waliojaribu kuitia kwenye makopo, lakini wanywaji wanasema ladha si ile. Tabia hiyo ya kuharibika upesi ndiyo iliyoiua mbele ya bia, na sasa ndiyo inayomlazimisha msafiri aje ilipo. Anayeitaka lazima ainywee Mexico, na akiitaka mbichi zaidi, aende shambani. Baadhi ya wakulima wa Hidalgo na Tlaxcala sasa huwapokea wageni mashambani, wakawaonyesha kibuyu, wakawapikia na kuwauzia bilauri kwa bei ambayo mchuuzi wa jijini asingewapa.

Soko hilo ni dogo, na si la kumfanya mtu ang'oe mahindi yake yote. Isitoshe, shamba lina wezi wake. Usiku huingia watu wakabandua utando wa juu wa majani, unaotumika kufungia nyama ya kupika kwa mvuke. Mmea uliobanduliwa hivyo hudhoofika au kufa, na miaka minane ya mkulima huishia kwenye chungu cha mtu mwingine.

Kwa mchuuzi asiye na shamba, jioni hiyo ina kinywaji cha mtaji mdogo zaidi. Tepache hutengenezwa kwa maganda ya nanasi, sukari guru, maji na mdalasini, vikaachwa siku mbili au tatu vianze kutoa povu. Huuzwa kwa barafu barabarani, kileo chake ni kidogo sana, na malighafi yake ni kitu ambacho muuza matunda wa jirani alikuwa akienda kukitupa.

Watanzania wanao mmea wa ukoo huu kwa wingi. Mkonge ulifika Tanga mwaka 1893 kupitia kwa Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kuwa kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai. Jina lake la kitaalamu limetokana na bandari ya Sisal huko Yucatán, Mexico. Huku ulilimwa kwa ajili ya nyuzi, ambazo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na kwa miaka mingi sehemu kubwa iliyobaki ilimwagwa.

Mapambano ya Arena México humalizika kiasi cha saa tano usiku. Wageni hutoka wakiwa wamevaa barakoa walizonunua mlangoni, wakapanda teksi kurudi hotelini. Huko Apan, mgema anakuwa amelala kitambo, kwani shimo lisipokwanguliwa alfajiri hufunga, na likishafunga mmea haukamuliki tena.