Anayepigwa Nyumbani: Je, Polisi Amkamate Nani?

Sisi wauguzi tunawapokea akina mama wanaosema, "Nimeanguka bafuni", huku shingoni mna alama za vidole. Wapo waliokwisha kufika polisi wakaambiwa, "Hayo ni mambo ya ndani, nendeni mkapatane." Mwezi huu tutazame jinsi Marekani ilivyojaribu kumwondolea askari uhuru wa kusema hivyo, na funzo tunalopata.

Sheria ilivyoanza
Mwaka 1983, katika mji wa Torrington, jimbo la Connecticut, Tracey Thurman alichomwa kisu mara 13 na mume aliyekuwa ametengana naye. Alikuwa amewaomba polisi msaada mara nyingi. Hata baada ya askari kufika, mume alipata nafasi ya kumpiga teke kichwani. Mama huyo akabaki na kupooza sehemu ya mwili. Aliushtaki mji, na mwaka 1985 mahakama ikaamua alipwe dola milioni 2.3. Mwaka 1986 Connecticut ikapitisha sheria: askari akiwa na sababu za kutosha kuamini kwamba kosa limetendeka, ni lazima akamate. Jimbo la Oregon lilikuwa limetangulia mwaka 1977.

Je, kukamata kunasaidia?
Mjini Minneapolis, mwaka 1981 hadi 1982, polisi walijaribu njia tatu: kumkamata mpigaji, kumwondoa nyumbani kwa saa 8, au kuwashauri tu. Waliokamatwa walirudia kupiga kwa uchache zaidi. Lakini uchunguzi uliofuata katika miji mingine haukuleta jibu moja. Kule Milwaukee, wanaume wasio na kazi walizidi kuwa wakali baada ya kukamatwa. Ni kama dawa: humponya mmoja, na mwingine humtaka mganga atazame zaidi.

Tatizo jingine likajitokeza: askari waliolazimika kukamata waliwachukua wote wawili, mpigaji na aliyejitetea. Ndiyo maana majimbo mengi yakamtaka askari atambue kwanza nani mshambuliaji mkuu.

Jeraha linavyodanganya macho
Hapa elimu ya afya inahitajika. Mtu aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama yoyote ya nje. Anayemkaba ndiye anayebaki na mikwaruzo mikononi na usoni, au alama ya meno, kwa kuwa mwenzake alipigania pumzi. Askari asiyejua hilo atamwonea huruma mwenye mikwaruzo. Dalili za kukabwa ni sauti kukauka, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu machoni, kupoteza fahamu au kujikojolea. Hatari inaweza kuja saa nyingi baadaye, hata siku kadhaa.

Na sisi je?
Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Lakini uamuzi wa askari bado una uzito mkubwa. Kwa hiyo tumsaidie aone vizuri:

1. Ukikabwa koo, fika hospitali hata kama huna jeraha.
2. Mweleze mganga ukweli. "Nimeanguka" ikiandikwa kwenye PF3, itamlinda aliyekupiga.
3. Hakikisha PF3 iliyojazwa inarudi polisi. Uliza dawati la jinsia na watoto.
4. Wasimamizi wa ndoa na majirani, msimrudishe mama nyumbani usiku ule ule ili "yaishe". Mtafutieni mahali salama pa kulala. Upatanisho hauanzi mtu angali hatarini.
5. Mwanamume anayepigwa naye asione haya. Afuate njia hiyo hiyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa aliyekabwa koo, huenda isiwepo nafasi ya kujenga tena.