LISBON: PANDA KWA GARI, SHUKA KWA MIGUU

Ndugu msikilizaji, juma hili tutembee Ulaya. Wapo wenzetu wanaopata safari ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ama kwa mkutano, ama kuwatembelea watoto walioko masomoni. Wengi hujiandaa kwa viza, tiketi na koti. Wanachokisahau ni magoti.

Lisbon husifiwa kuwa mji wa vilima saba, ingawa anayeutembea kwa miguu huhesabu zaidi. Ramani haikuambii hayo. Kwenye karatasi, kanisa unalolitafuta liko mita mia tatu tu kutoka hotelini. Ukitoka nje unakuta mita hizo ni ngazi tupu. Kwa hiyo ukiuliza njia, usiishie kuuliza kama ni mbali. Uliza pia kama ni juu au chini. Swali hilo uliulize hata kabla ya kulipia chumba, kwani nyumba nyingi za zamani hazina lifti.

Kuijua historia ya mji kunasaidia. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi, likifuatiwa na mawimbi na moto, liliubomoa. Sehemu ya bondeni, iitwayo Baixa, ikajengwa upya chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal. Ndiyo maana mitaa yake ni tambarare na imenyooka kama mistari ya daftari. Lakini mtaa wa Alfama, mlimani upande wa mashariki, ulinusurika kwa kiasi kikubwa, ukabaki na vichochoro vya tangu enzi za Waislamu waliotawala hapo hadi 1147. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, na lina asili moja na neno letu hamamu. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hatavishangaa vichochoro hivyo, atashangaa mwinuko.

Kanuni yangu ni hii: panda kwa chombo, shuka kwa miguu. Tramu namba 28, gari dogo la umeme lipitalo juu ya reli za barabarani, hupanda kutoka Martim Moniz hadi Graça. Iwahi asubuhi kabla haijajaa, na mkoba uushike mbele, maana wezi wa mifukoni nao ni abiria wa kila siku. Ukifika Graça, utazame mji na Mto Tejo, kisha uteremke taratibu ukipitia ngome ya São Jorge, Alfama na kanisa kuu, hadi Baixa. Ukitaka kupanda upande wa pili, Chiado, tumia ngazi za umeme za stesheni ya Baixa-Chiado ya treni za chini ya ardhi. Ina mlango mmoja bondeni na mwingine juu.

Yapo pia magari yanayovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Hapa sifanyi mzaha. Tarehe 3 Septemba 2025 kamba ya gari la Glória, lililoanza kazi mwaka 1885, iliachia. Gari likaporomoka na watu 16 wakafariki. Kabla ya kuyaweka magari ya aina hiyo katika ratiba yako, ulizia kwanza kama yanafanya kazi.

Tena viatu. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyolainika kwa kukanyagwa. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Viatu vya soli ya ngozi viwe vya mkutanoni. Mtaani vaa raba zinazoshika. Mwenda pole hajikwai.

Siku magoti yakikataa, nenda Belém, kando ya mto, ambako ni tambarare. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, aliyeondoka Lisbon mwaka 1497 na kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wenyeji watakuonyesha kwa fahari. Sisi wa pwani hii twajua pia kwamba mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida ziliishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Hakuna haja ya kugombana na mwongoza watalii. Lakini akikuuliza watokea wapi, mwambie, na ikiwa ana muda, msimulie na upande wetu.

Safari njema. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.