Joto Ndilo Linaloimaliza Betri Yako

Maswali kuhusu betri za simu yamerundikana tena, na mengi ni yale yale. Je, simu mpya lazima ichajiwe kwa saa nane mfululizo kabla ya kutumiwa? Je, ningoje izime kabisa ndipo nichomeke chaja? Hapana, mara mbili. Hayo ni mabaki ya enzi za betri za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa na tabia ya kukariri kiwango cha chaji. Betri ya ioni za lithiamu, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991 na iliyowapa wanasayansi Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, haikariri chochote.

Betri hii ina pande mbili: mmoja wa grafaiti, mwingine, katika simu nyingi, wenye kobalti, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Kongo. Ukichaji, ioni za lithiamu huvuka na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafaiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Utamu wa habari uko hapa. Kimiminika kinachozivusha hakistahimili kugusana na grafaiti iliyojaa chaji. Huvunjika, na mabaki yake hutanda juu ya grafaiti. Utando huo ni mlinzi, kwani bila huo kimiminika kingeendelea kuvunjika hadi kiishe. Ila umejengwa kwa lithiamu ile ile inayobeba chaji. Ni kama ukoko: wali umo sufuriani lakini haupakuliki. Tena grafaiti hutanuka ikijaa na kusinyaa ikipungua, utando ukapata nyufa, na kila ufa huzibwa kwa lithiamu nyingine. Ndiyo maana betri huzeeka hata kwa mtu mwangalifu.

Joto huuharakisha mchezo huo wote, na chaji iliyojaa pomoni huuzidisha. Betri iliyojaa ikiwekwa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 40 hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake. Yenye chaji ya asilimia 40, kwenye nyuzi 25, hubaki na karibu 96. Sasa fikiria simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa.

Kwa hiyo anayekuuzia programu ya “kuponya betri” anakuuzia matangazo. Lithiamu iliyonaswa kwenye utando haitolewi kwa kubonyeza kioo. Kuiweka simu kwenye friza nako hakurudishi kitu, huleta unyevu ndani yake. Na betri ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu hujibandika juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani.

Ya kufanya ni machache. Kaa kati ya asilimia 20 na 80 ukiweza. Simu nyingi siku hizi zina mpangilio wa kukomea asilimia 80. Kuchaji usiku si dhambi, mradi simu isiwe chini ya mto. Ikipata moto, vua kava. Safarini penye mtandao hafifu, weka hali ya ndege, kwa sababu simu inayohangaika kutafuta mnara hula chaji kwa fujo.

Na wale wanaotoboa betri iliyovimba kwa pini “ipumue” waache mara moja. Gesi iliyomo inashika moto, na pini ikiunganisha pande mbili inaweza kuiwasha papo hapo. Betri iliyovimba haichajiwi tena: zima simu, mpelekee fundi aweke nyingine.