Kariokor: Tunavyoweza kuisimulia historia iliyojificha katika jina la soko

NI wangapi miongoni mwa watu wanaoshuka Kariokor kila siku jijini Nairobi ambao wamewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Makanga hulitaja mara mia kwa siku. Wauza vikapu na viatu vya akala hulitaja. Wapenda nyama choma hulitaja wakielekezana pa kukutania. Ukivuka mpaka ukaenda Dar es Salaam, utalipata soko mashuhuri liitwalo Kariakoo. Majina haya mawili ni mapacha. Yote yametokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Waingereza hawaitamki 'p' wala 's' katika neno 'corps', na 'r' yao aghalabu haisikiki. Sikio la Mswahili likachukua lilichosikia: Kariakoo. Mahali ambapo leo tunauza na kununua palikuwa na kambi za wanaume waliokuwa wakisubiri kupelekwa vitani.

Mimi hupenda kuwauliza wanafunzi wangu swali hili la jina la soko. Wengi hawana jibu, na siwalaumu. Mbona wajue? Vitabu vingi tulivyosoma shuleni huvimaliza vita hivyo katika sentensi moja: kwamba Waafrika 'walishiriki' katika vita vya Wazungu. Kisha ukurasa unafunuliwa na mwanafunzi anakariri jina la mfalme fulani wa Ulaya kwa ajili ya mtihani.

Husemwa kwamba Mkenya wa kawaida hapendi historia. Sikubaliani na kauli hiyo. Mkenya huyo huyo husikiliza hadithi za kale za ukoo wake hadi usiku wa manane matangani. Asichokipenda ni historia isiyokuwa na watu ndani yake. Kwa hivyo, katika makala haya nakusudia kuonyesha jinsi kisa kimoja kisichojulikana sana kinavyoweza kusimuliwa kikaeleweka, na kwa nini kazi hiyo ni ya lugha sawa na ilivyo ya makavazi.

Hebu tuanze na swali jepesi. Kwa nini jeshi lenye mizinga na garimoshi lilihitaji vichwa na mabega ya watu? Sababu ya kwanza ni mbung'o. Farasi, nyumbu na maksai walioletwa kubeba mizigo walikufa kwa maelfu kutokana na ugonjwa unaosambazwa na mdudu huyo. Sababu ya pili ni ukosefu wa barabara. Reli iliishia mahali fulani, na toka hapo hadi kwenye mstari wa mapigano palikuwa na nyika, mito na matope. Majeshi ya Ujerumani chini ya kamanda Paul von Lettow-Vorbeck nayo hayakukubali kusimama mahali pamoja. Yalirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kusini, nayo majeshi ya Uingereza yakayafuata, yakizidi kujitenga na maghala yao ya chakula.

Sasa tupige hesabu ya shule ya msingi. Chukua mchukuzi mmoja aliyebeba kilo 25 za unga. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Anachomfikishia askari ni kilo tano tu. Ili kilo 25 zimfikie askari aliye mwendo wa siku kumi, unahitaji wachukuzi watano. Askari akisonga mbele tena, hesabu inaharibika zaidi. Ndiyo maana kadiri vita vilivyozidi kwenda kusini, ndivyo Waingereza walivyozidi kuhitaji watu.

Mwanafunzi akiielewa hesabu hii hahitaji tena kuambiwa akariri takwimu. Anaelewa mwenyewe ilikuwaje upande wa Uingereza pekee ukatumia wachukuzi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Waliotoka katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya wanakadiriwa kukaribia 200,000. Wajerumani nao walikuwa na wachukuzi wao, ambao habari zao zimeandikwa kwa uchache zaidi.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Tuseme nataka kuandika jinsi watu hawa walivyofika kambini. Nitumie kitenzi gani? Nikisema 'walijiunga', kiambishi 'ji' kinamwambia msomaji kuwa mtu aliamua mwenyewe. Nikisema 'waliandikishwa', nimeonyesha kuwa kulikuwa na mtu mwingine aliyesababisha jambo, ila sijamtaja. Nikisema 'walikamatwa', picha inageuka kabisa. Vitenzi hivi vitatu vinatoa historia tatu tofauti, na mwandishi mvivu huchagua kile kinachomjia kwanza.

Ukweli ni kwamba vyote vitatu vina mahali pake, mradi uvipange kwa wakati. Vita vilipoanza mwaka wa 1914, wapo waliojiunga kwa hiari wakifuata ujira. Mwaka wa 1915 ikatungwa sheria iliyoiruhusu serikali kuwachukua watu kwa nguvu. Mwaka wa 1917 ukaendeshwa msako mkubwa kuliko yote, chini ya usimamizi wa John Ainsworth. Maafisa wa wilaya waliwaagiza machifu watoe idadi fulani ya wanaume, na machifu wakawatuma vijana wao kuwatafuta. Wengine walitorokea vichakani. Wengine walishikwa. Mtunzi wa kitabu cha shule anayeyafupisha haya yote kwa neno 'walishiriki' hajasema uongo, lakini amemwondolea lawama aliyestahili kulaumiwa na amemnyima mwathiriwa haki ya kuonekana kama mwathiriwa.

Nomino nazo zina mtego wake. Je, tuwaite watu hawa wapagazi, wachukuzi au mahamali? Neno 'mpagazi' lina historia yake ya fahari. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara ya kutoka bara hadi pwani, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wenye kazi yao. Walipatana ujira, waliweza kugoma, na kijana aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa kwao. Mtu aliyetolewa shambani kwake mwaka wa 1917 na kutwishwa risasi za vita asivyovijua hakuwa mpagazi wa aina hiyo. Tukiwaita wote kwa jina moja pasipo maelezo, msomaji atadhani kuwa kubeba mizigo kulikuwa desturi ya Mwafrika na kwamba vita havikubadilisha kitu. Binafsi nachagua 'wachukuzi', na nitaeleza hivi punde kwa nini.

Wachukuzi hawa walikufa vipi? Msomaji wa kawaida akisikia 'kufa vitani' huona risasi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu wa nyanda za juu walipelekwa kwenye nyanda za chini zenye joto na mbu ambao miili yao haikuwazoea. Waliokuwa wamezoea chakula cha aina moja walipewa cha aina nyingine, na mara nyingi unga wa mahindi ulioliwa kabla haujaiva sawasawa kwa kukosa kuni, sufuria au muda. Mwanzoni mwa mwaka wa 1917 mvua kubwa ilifurisha bonde la mto Rufiji, chakula kikashindwa kupita, na waliokuwa ng'ambo wakafa njaa. Kwa taabu hiyo wengi wao waliahidiwa ujira wa rupia tano au sita hivi kwa mwezi. Wanahistoria wanakadiria kuwa wachukuzi karibu 100,000 wa upande wa Uingereza walipoteza maisha. Hata mwisho wa vita ulichelewa kuwafikia. Ulaya iliweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918, ilhali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri rasmi tarehe 25, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala nchini Zambia.

Turudi kwenye neno 'wachukuzi'. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna sanamu tatu za shaba za wanaume wa Kiafrika. Maelfu hupita hapo wakikimbilia mabasi. Maandishi yaliyo chini yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yale ya Kiingereza yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanawataja wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nimeyasoma maandishi hayo mara nyingi, na kila mara naduwaa. Jina gani? Mnara wenyewe hauna jina hata moja la mchukuzi. Tena fikiria sitiari iliyotumiwa. Mtu akiitwa miguu na mikono amesifiwa, ni kweli, lakini kichwa cha mwili huo ni cha mwingine, na miguu haiitwi kwa jina.

Kutotajwa huku hakukutokea kwa bahati mbaya. Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwanajeshi wa Kizungu alipewa jiwe lake na jina lake. Mchukuzi alipewa sanamu ya pamoja. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Januari 2025, jijini Cape Town, ulizinduliwa mnara wa watu waliofanya kazi za aina hii katika vita hivyo. Majina yao zaidi ya 1,700 yamechongwa kwenye nguzo za mbao, jina kwa jina. Kumbe inawezekana!

Yamkini msomaji ataniuliza: kama majina mengi yamepotea, mwandishi atawezaje kuwapa uhai watu asiowajua? Kishawishi kikubwa ni kubuni. Ni rahisi kumzua mchukuzi mmoja, ukampa jina, mke na machozi, kisha ukamwambia msomaji kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mwanariwaya ana ruhusa hiyo kwa sababu msomaji wake anajua anasoma riwaya. Abdulrazak Gurnah ameitumia vyema katika Afterlives, ambayo humo tunakutana na askari wa jeshi la Wajerumani katika vita hivi hivi. Anayeandika historia hana ruhusa hiyo. Alichonacho ni uzito wa mzigo, unga usioiva, mto uliofurika na hesabu ya kilo tano. Vitu hivi ni vya kweli, na vinatosha kumfanya msomaji auhisi uchovu wa mtu asiyemjua jina.

Tena Kiswahili si kigeni katika kazi hii. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi kuhusu vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga kuhusu Maji Maji. Shaaban Robert alivitungia utenzi Vita Vikuu vya Pili. Mnamo 1934, James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu kinachosimulia masaibu ya watumwa waliokombolewa wakaishi Frere Town, Mombasa. Wahakiki wamekishutumu kitabu hicho, na kwa haki, kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo, msomaji wake hakuachwa na takwimu tupu. Alikutana na watu wenye njaa, hofu na matumaini. Jadi hiyo tunayo. Kinachosikitisha ni kwamba anayetaka kusoma kwa kina kuhusu Kariokor leo sharti aende kwenye vitabu vya Kiingereza, huku jina lenyewe likiwa tumeliumba sisi kwa ndimi zetu.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, walimu wa Kiswahili na wa historia washirikiane. Insha kuhusu asili ya jina la mtaa au soko ni zoezi la lugha na la historia kwa mpigo. Pili, waandishi wetu wa vitabu vya kiada wavipime vitenzi vyao. Kila wanapoandika 'walishiriki' wajiulize nani aliyemtuma nani, kwa amri gani, na kwa ujira gani. Tatu, tuwaendee wazee wetu mapema. Mzee wa miaka 90 leo alilelewa na watu walioviona vita hivyo, na huenda aliwahi kusikia kwamba babu au ami fulani alienda Kariakoo asirudi. Muulize jina la mtu huyo, kijiji alichotoka na alioondoka nao. Andika pia jina la mzee aliyekusimulia na tarehe uliyomsikiliza, kisha weka nakala mahali ambapo jamaa zako wengine wataipata.